Barua ya wazi kwa viongozi wa klabu yetu: safari hii msifumue kikosi, kijengeni

Kwa: Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, mtendaji mkuu na mkurugenzi wa michezo

YAH: USAJILI NA UJENZI WA KIKOSI CHA MSIMU UJAO

Ndugu viongozi, salaam.

Nawaandikia kwa heshima zote, na naandika hadharani kwa sababu njia nyingine tumeshazipita. Tulianza kwa kupeleka hoja zetu kwa viongozi wa mashabiki, wao wakazifikisha ofisini, tukaambiwa zimepokelewa. Tukaandika barua rasmi, tukajibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Tukaomba kikao kabla dirisha dogo la usajili, lile la katikati ya msimu, halijafunguliwa, kikao hakikuwepo, dirisha likafunguliwa likafungwa na yale yale tuliyokua tunayaogopa yakatokea, wakaingia watu wapya ambao hata benchi la ufundi lilionekana halijui liwapange wapi, wakatoka watu tuliokua tunawahitaji, na ligi tukaimaliza katikati ya msimamo. Sasa dirisha kubwa linakuja na tayari habari inayotoka huko ofisini ni kwamba kikosi "kitafumuliwa chote". Hiyo kauli ndo imenifanya nikae niandike.

Ndugu viongozi, kikosi hiki kimeshafumuliwa mara nyingi mno. Huo ndo ugonjwa wenyewe, hauwezi tena kuwa dawa. Tunachoomba ni mtu mmoja au kamati moja ikae na mpango wa misimu mitatu na kila mchezaji anaeingia au kutoka awe anaingia au kutoka kwa sababu ya huo mpango. Hoja zangu ni hizi.

1. Hatuna picha ya mpira tunaotaka kucheza

Ukikitazama kikosi chetu leo unaona makocha watatu ndani yake. Kuna mabeki wa pembeni walioletwa na kocha aliyekua anacheza na mabeki watatu nyuma, wanapanda vizuri sana lakini ukiwaweka kwenye mstari wa mabeki wanne wanaachwa kila likija shambulizi la kushtukiza. Kuna mastraika wawili wa kusubiri krosi, hao waliletwa na kocha wa pili, alafu kocha wa sasa anacheza na mawinga wanaoingia ndani kwa mguu wa kinyume, kwahiyo krosi hakuna, straika anasimama kule mbele dakika 90 mpira hajaugusa vya kutosha, na uwanja mzima unamzomea. Yule kijana kosa lake nini? Alisajiliwa kwa kazi ambayo timu iliacha kuifanya miezi michache baada ya yeye kusaini. Mi inaniuma kumuona anatoka kichwa chini wakati aliyemkosea hayupo hata benchi.

Haya mambo yanawakuta hata wakubwa. Ajax walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2019 na kina De Ligt na Van de Beek waliokuzwa kwenye akademi yao, na aina yao ya mpira dunia nzima inaijua. Mwaka 2023 wakawauza Timber, Kudus na Álvarez dirisha moja, mkurugenzi wa ufundi Sven Mislintat akaingiza kundi zima la watu wapya kwa mpigo, mwezi Septemba akafukuzwa, Oktoba kocha Maurice Steijn naye akaondoka, na mwisho wa mwezi huo Ajax ndo walikua wanashika mkia kwenye ligi ya Uholanzi. Kama klabu yenye akademi na jina kama lile inaweza kuanguka kwa msimu mmoja kwa sababu usajili ulitengana na uchezaji, sisi ni nani?

Tunachotaka hapa kinaeleweka. Andikeni profaili ya kila namba, yaani kila nafasi uwanjani, kabla hamjapiga simu kwa wakala yeyote. Namba sita wetu, yaani kiungo mkabaji, awe mtu wa aina gani, wa kukaba na kutoa pasi fupi ya haraka au wa kupiga pasi ndefu za kugeuza mchezo? Beki wa kati wa upande wa kushoto lazima awe wa mguu wa kushoto au sio lazima? Kipa awe wa kuanzisha mpira kwa miguu au tunapiga mbele tugombanie mpira unaodondoka? Hayo yakishaandikwa, siku kocha akiondoka atafutwe kocha anaeendana na kikosi, sio kikosi kizima kitafutwe upya kuendana na kocha.

2. Kila dirisha tunaanza moja

Nadhani watu wa ofisini wanaona mchezaji mmoja mmoja, sisi tunaokaa jukwaani tunaona uhusiano kati ya mmoja na mwenzake. Mabeki wawili wa kati wanahitaji muda kujuana, nani anatoka kumfuata straika anaeshuka kuchukua mpira, nani anabaki kufunika, mstari unapanda lini kumuacha mtu kwenye kuotea. Kukabia juu, yaani kuwabana wapinzani kwenye nusu yao, nako ni hivyo hivyo, winga akienda na kiungo wa nyuma yake asipoenda, basi kocha wa wapinzani anafurahi maana kuna shimo katikati. Mipira iliyokufa, yaani kona na faulo, nani anakaa nguzo ya karibu, nani anamzuia kipa, nani anabaki nyuma kwa usalama. Haya hayafundishwi wiki mbili za kambi, yanakuja kwa watu wale wale kucheza pamoja mechi baada ya mechi mpaka wanajuana bila kuangaliana. Sisi kila ukuta unapoanza kujuana mnaubomoa. Tazameni mabao tuliyofungwa mwanzoni mwa kila msimu, mengi ni ya watu kuangaliana, huyu anadhani yule atatoka na yule anadhani huyu.

Angalieni Bayer Leverkusen. Xabi Alonso alipewa ile timu Oktoba 2022 ikiwa nafasi ya pili kutoka mkiani. Wangeweza kabisa kusema wanafumua. Hawakufumua. Kipa Hradecky alikuwepo, Tah alikuwepo, Frimpong, Palacios na Wirtz walikuwepo, wote wakabaki. Dirisha la katikati ya mwaka 2023 wakamuuza Diaby na wakaongeza watu ambao kila mmoja ana kazi yake inayojulikana, Xhaka wa kutuliza kati, Grimaldo upande wa kushoto ambaye mkataba wake na Benfica ulikua umeisha kwahiyo ada ya uhamisho haikuwepo, Hofmann, na Boniface mbele. Msimu wa 2023/24 wakachukua Bundesliga kwa mara ya kwanza kwenye historia yao bila kupoteza mechi hata moja kati ya 34, na Kombe la Ujerumani wakabeba pia. Ule ndo ujenzi! Uti wa mgongo ulikuwepo, kocha akaujua, wakaujazia nyama pale palipopungua.

Sasa na sisi uti wa mgongo tunao. Kipa tunae, na ni mzuri. Beki wa kulia tunae. Kiungo mchezeshaji tunae na ana miaka 24 tu. Mawinga tunao, tena wengi kupita mahitaji. Kwa macho yangu tunakosa watu wanne na hawazidi hapo: kiungo mkabaji, beki wa kati anaetumia kushoto, beki tatu (beki wa pembeni kushoto), na straika mwenye mbio za kwenda nyuma ya mabeki ili mawinga wetu wapate mtu wa kumtengea. Wanne wanaoingia moja kwa moja kikosi cha kwanza. Wengine wote watakaokuja wawe wa kuongeza upana wa kikosi na wajue hivyo kabla hawajasaini, maana mtu akiahidiwa namba alafu akapigwa benchi anavuruga chumba kizima cha kubadilishia nguo.

3. Mikataba

Hapa ndo panaponiuma kuliko kote na hapa naomba mnivumilie kidogo.

Kiungo wetu mkabaji, yule ambaye sasa hivi tunamtafutia mrithi, hatukumuuza. Aliondoka bure. Aliondoka akiwa kwenye ubora wake, kila mtu anaejua mpira alikua anajua kwamba yeye ndo anaeshikilia timu, na klabu haikupata hata senti ya ada ya uhamisho. Kanuni za FIFA ziko wazi na zipo miaka yote, mchezaji akibakiza miezi 6 au chini ya hapo kwenye mkataba wake anaruhusiwa kusaini na klabu nyingine atakayohamia mkataba huo ukiisha. Hii sio siri ya wakala, ni jambo ambalo kila mtu ofisini kwenu anatakiwa alale nalo amke nalo. Sasa ilikuwaje mazungumzo ya kumuongezea yakaanza wakati tayari yuko ndani ya hiyo miezi 6? Pale mlikua hamna tena cha kumshikia, yeye na wakala wake ndo walikua wameshika kila kitu, na mi simlaumu hata kidogo, maisha ya mchezaji ni mafupi, nani angekaa kusubiri.

Leicester City walichukua ubingwa wa England mwaka 2016, dunia nzima ikashangilia. Mwaka 2023 wakashuka daraja, na kwenye dirisha lile lile Tielemans akaenda Aston Villa bure na Söyüncü akaenda Atlético Madrid bure kwa sababu mikataba ilikua imewaishia. Fikirieni hiyo hasara, umeshuka daraja, unahitaji hela kuliko wakati wowote, na wachezaji ambao wangekuletea hizo hela wanakupungia mkono mlangoni.

Na kuna upande wa pili wa kosa hilo hilo, kumpa mkataba mrefu mtu asiyestahili. Tumempa mchezaji aliyevuka miaka 30 mkataba wa miaka minne kwa sababu ana jina na alikuja na kelele nyingi. Leo hachezi, hauziki maana hakuna klabu itakayomlipa mshahara tunaomlipa sisi, na kumvunjia mkataba ni kumlipa iliyobaki. Alafu vijana wanaokimbia kila wiki wanajua analipwa ngapi, msidhani hawajui, na kila mmoja akikaa mezani kuongeza mkataba anaanzia na ule mshahara wa yule asiyecheza. Mkataba mmoja mbovu unapandisha bei ya mikataba yote.

Kwahiyo naomba kitu kimoja kiwe sheria ya ndani ya klabu. Mchezaji akibakiza miaka miwili, uamuzi utolewe: anaongezwa, anauzwa, au anaachwa amalize huku mrithi wake ameshajulikana na ameshaanza kufuatiliwa. Miaka miwili, isiwe mwaka, isiwe miezi 8. Ukimuuza mtu ana miaka miwili unauza kwa bei yako. Akibakiza mwaka unauza kwa bei ya mnunuzi. Na mchezaji aliyevuka 30 apewe mwaka mmoja wenye kipengele cha kuongezeka akicheza mechi za kutosha, hata akiwa kipenzi chetu, hata tukipiga kelele sisi wenyewe.

4. Warithi

Kapteni wetu, beki mwenzake na kiungo wetu mkongwe wote wanazeeka pamoja. Watu watatu wa katikati ya uwanja wataondoka karibu kwa mpigo na nyuma yao hakuna mtu anaeandaliwa, nyuma yao kuna wachezaji wa mkopo.

Real Madrid walimleta Camavinga 2021 na Tchouaméni 2022 wakati Casemiro, Kroos na Modrić wote watatu bado wapo na bado wanachukua makombe. Agosti 2022 Casemiro akaenda Manchester United na mrithi alishakuwa kambini, hakuna aliyekimbizana na muda. Kroos akastaafu 2024 kwa heshima zote. Na msiniambie hiyo ni Madrid ina hela, Mamelodi Sundowns walikua na Denis Onyango golini, mmoja wa makipa bora kabisa Afrika, mwaka 2022 wakamleta Ronwen Williams wakati Onyango bado yupo, na Onyango akabaki pale pale anamsaidia. Golini kwao hakukuwa na msimu wa kuhangaika. Mrithi analetwa wakati mwenye nafasi bado anaweza kucheza, ili ajifunze kwake, sio siku mwenye nafasi akishaumia goti.

5. Hela za winga wetu

Wote tunajua ofa za winga wetu zipo na tunajua pengine ataondoka. Sitaki kuwaambia msimuuze. Mchezaji akitaka kwenda juu na ofa ikiwa ya maana, auzwe na tumuage vizuri. Hofu yangu ni hela zitakazobaki.

Agosti 2017 Neymar aliondoka Barcelona kwa yuro milioni 222. Mwezi ule ule wakamnunua Dembélé, Januari 2018 wakamnunua Coutinho, 2019 wakamnunua Griezmann, kila mtu anajua bei zilizotajwa pale, kila muuzaji alikua anajua Barcelona wana hela na wana presha. Mwaka 2020 wakapigwa 8-2 na Bayern Munich, na mabao mawili kati ya yale nane alifunga Coutinho, mchezaji wao wenyewe waliyempeleka Bayern kwa mkopo. Agosti 2021 wakampoteza Messi kwa sababu walishindwa kumsajili kwa mkataba mpya ndani ya kanuni za fedha za ligi yao. Hiyo ni klabu iliyokua na hela nyingi mkononi siku ile Neymar anaondoka.

Upande wa pili wa biashara ile ile ya Coutinho walikuwepo Liverpool. Katikati ya 2017 walimtaka Van Dijk, Southampton wakagoma. Hawakukurupuka kununua beki mwingine yeyote ili tu mashabiki wanyamaze, wakasubiri nusu msimu huku wanafungwa mabao ya kipuuzi na wanasemwa kila wiki, Januari 2018 wakamchukua kwa pauni milioni 75. Dirisha lililofuata wakamleta Alisson golini. 2019 wakabeba Ligi ya Mabingwa, 2020 wakabeba ligi ya England waliyoisubiri miaka 30. Walimuuza mmoja aliyependwa wakaziba sehemu mbili zilizokua zinavuja, na sehemu zenyewe hazikua zile alizocheza aliyeuzwa.

Kwahiyo winga akiuzwa, tafadhali msitafute winga mwingine mwenye jina ili posti ya utambulisho ipate watu. Mawinga tunao. Hela iende kwa namba sita na kwa beki wa kati, na kama wale mnaowataka hawapatikani dirisha hili, subirini. Tutavumilia kama tutajua tunasubiri nini.

6. Vijana wetu

Hapa nitasema machache. Kijana anamaliza timu ya vijana, anapelekwa kwa mkopo kwenye timu ambayo hachezi, hakuna mtu wa klabu anaekwenda kumtazama, anarudi amepungua kuliko alivyoenda, anaachwa. Kila mkopo uwe na mtu anaeufuatilia na kocha wa huko akubali kabla ya kijana kwenda kwamba atamtumia. Na kila msimu nafasi mbili za kikosi cha kwanza zibaki za vijana, zisijazwe na mkongwe wa kukaa benchi. Hata kwa hesabu za hela ina maana, maana kijana mliyemlea akija kuuzwa baadae kimataifa kabla mkataba wake haujaisha, kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya ada kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23.

7. Namna tunavyoachana na watu

Wachezaji waliotumikia jezi hii wanaagwa kwa posti moja usiku, wengine wanasikia kwa watu. Sio vizuri. Na zaidi ya utu kuna sheria, mkivunja mkataba bila sababu ya msingi mnadaiwa fidia, na klabu zisizolipa zinafungiwa kusajili. Kila mchezaji mnaemfumua leo bila mpango ni deni la kesho, na hilo deni linakula hela ya namba sita tunaemtaka.

Sasa najua mtakayosema, maana mengine mmeshayasema.

Mtasema hela hakuna. Lakini hela ya kusajili watu 10 mmeipata kila dirisha, na hela ya kuwalipa fidia hao hao wakiachwa mmeipata pia. Wanne waliochaguliwa vizuri ni nafuu kuliko kumi na fidia zao. Na wazuri sio lazima wawe ghali, Leicester hao hao walimchukua Mahrez kutoka Le Havre ya daraja la pili Ufaransa mwaka 2014, na Kanté kutoka Caen mwaka 2015, na 2016 wakawa mabingwa. Walikua na skauti wanaotazama mechi ambazo wengine hawatazami. Sisi usajili wetu tunaletewa na mawakala, video ya dakika tano mtu anapiga chenga tatu, na yale mabao yote hujui alikosa mangapi na anakaba vipi timu yake ikipoteza mpira.

Mtasema mashabiki wenyewe ndo wanataka majina. Ni kweli wapo, na wanapiga kelele kweli. Lakini mashabiki hawana mikataba mezani, hawana ripoti za daktari, hawajui mchezaji ana goti la namna gani. Nyie mnajua. Mmepewa hizo nafasi ili siku tukipiga kelele za hasira baada ya kufungwa nyie mbaki na mpango. Na mkituelezea mpango wenyewe, wengi wetu tutautetea hata kwa wenzetu.

Kuna atakaesema mbona Nottingham Forest mwaka 2022 walisajili zaidi ya watu 20 dirisha moja na wakabaki ligi kuu. Ni kweli walibaki. Ila wao walipanda daraja na kikosi kilichojaa wachezaji wa mkopo, wale wakarudi kwao, wakabaki hawana watu, walilazimika. Na Machi 2024 walinyang'anywa pointi 4 kwa kuvunja kanuni za matumizi ya fedha. Sisi hatujapanda daraja na hatujapoteza kikosi, tunakibomoa wenyewe kwa mikono yetu.

Mwisho mtasema mambo ya usajili ni siri. Majina yabaki siri, sawa kabisa, hakuna anaetaka mharibu dili. Tunachotaka kujua ni mpango: tunacheza mpira gani, tunahitaji namba zipi, nani anaamua, na tutawapimaje. Hakuna mpinzani atakaeshinda kwa kujua kwamba tunatafuta namba sita, wote wanajua, wanatutazama kila wiki.

Tunayoomba, ndugu viongozi, ni haya:

(a) Atajwe mtu mmoja anaewajibika na kikosi, awe na mkataba wenye muda unaovuka kocha mmoja, na asajili kwa kukubaliana na kocha. Asiwe mwenyekiti na asiwe mjumbe wa bodi mwenye rafiki yake wakala.

(b) Mtangaze kabla ya dirisha kufunguliwa aina ya mpira tunaotaka kucheza na namba zinazohitaji kuimarishwa.

(c) Watakaoingia moja kwa moja kikosi cha kwanza wasizidi wanne, na wale wa uti wa mgongo wasiguswe dirisha hili isipokuwa mchezaji mwenyewe akiomba kuondoka.

(d) Kiungo mchezeshaji wetu aitwe mezani sasa hivi. Yeye ndo mfano wa kwanza wa ile sheria ya miaka miwili. Akipita hapo akafika miezi 6 tutakua tumerudia kosa lile lile na mtu mwingine.

(e) Hela ya mauzo yoyote itajwe imeenda wapi kwenye mkutano mkuu, kwa maandishi.

(f) Kocha apewe msimu mzima na nusu ya unaofuata kabla ya kuhukumiwa, labda timu iwe inashuka daraja.

Tunaomba majibu ya maandishi kabla ya siku ya kwanza ya dirisha, na kikao na wawakilishi wa mashabiki kabla timu haijaingia kambini. Tutakuja na hoja, hatutakuja na matusi, na tutakua tayari kusikiliza pale ambapo mna taarifa ambazo sisi hatuna. Kama kuna namba nimeikosea kwenye wale wanne niliowataja, niambieni kwa nini na nitawaelewa, ila niambieni kwa kutumia mpango ulioandikwa. Nakala ya barua hii imeshapelekwa ofisini kwa mkono, kwa mapokezi, pamoja na zile barua za mwanzo ambazo tuliambiwa zinafanyiwa kazi.

Wenu,
Mwanachama na shabiki wa jukwaa la nyuma ya goli